K-On! au Bocchi the Rock!: uanze na bendi ipi?

Mpwa wangu ana miaka 15 na gitaa la mtumba lenye nyuzi tano. Wa sita ulikatika wiki ya kwanza, na mpaka leo "unatafutwa". Juzi alinijia na kesi. Darasani kwao kuna makundi mawili: moja linamwambia atazame K-On!, jingine linamwambia Bocchi the Rock!, na bando lake halitoshi zote. "Mjomba, nianze na ipi?" Nikamjibu palepale, anza na Bocchi. Akaenda zake. Usiku nikajilaumu, maana nilimjibu kama mtu aliyeulizwa timu anayoshabikia, na yeye alikuwa anaomba ushauri. Basi jibu refu ni hili, limfae yeye na yeyote aliyekwama kwenye njia panda hiyohiyo.

Kwa asiyezijua, hizi ni tamthilia za katuni za kuchekesha kutoka Japan, na kila moja inahusu wasichana wa sekondari walioanzisha bendi ya roki. Bendi ya K-On! inaitwa Houkago Tea Time, yaani saa ya chai baada ya masomo. Ya Bocchi inaitwa Kessoku Band, na hapo pana utani: neno kessoku maana yake ni mshikamano, lakini kessoku band kwa Kijapani ndilo jina la vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, ambavyo ukishakaza havilegei mpaka uvikate kwa kisu. Mpiga drams wao analionea haya jina hilo. Mpiga besi anaona ni kichekesho cha karne.

Undugu wa tamthilia hizi ni wa karibu kuliko mashabiki wanavyopenda kukiri. Zote zilianza kama vibonzo vya picha nne nne kwenye magazeti ya mchapishaji mmoja, Houbunsha. K-On! ya mchoraji Kakifly ilianza 2007 katika Manga Time Kirara, na Bocchi ya Aki Hamaji ilijitokeza mwishoni mwa 2017 katika gazeti dada, Manga Time Kirara Max. Hata majina yao yametoka mahali pa namna moja. Wasichana wa K-On! wana majina ya ukoo ya wanamuziki wa P-Model, bendi ya Kijapani ya tangu miaka ya 1970: Hirasawa, Akiyama, Tainaka, Kotobuki, Nakano. Wale wa Bocchi wamepewa ya Asian Kung-Fu Generation: Gotoh, Kita, Yamada, Ijichi. Tena Yamada wa katuni anapiga besi kama Yamada wa kweli, na Ijichi yuko kwenye drams kama Ijichi wa kweli. Mwandishi wa Bocchi alijua kabisa anatembea kwenye njia iliyokwisha kulimwa, akaamua kulima kinyume.

Kinyume hicho ndicho utakachokichagua.

Katika K-On!, Yui Hirasawa anaingia kidato cha kwanza cha sekondari ya juu bila kujua kupiga chochote. Anaona tangazo la klabu ya "muziki mwepesi", ambalo ndilo jina la kawaida la klabu za roki na pop katika shule za Japan, naye anadhani wepesi maana yake ni urahisi, vitu kama kupiga mluzi na kastaneti. Akigundua kosa lake anakwenda kujitoa. Klabu nayo iko hatarini kufungwa, maana inahitaji watu 4 na wao ni 3. Wanamkalisha, wanammiminia chai, wanamlisha keki, kisha wanampigia wimbo mmoja. Yui anawaambia kwa moyo mweupe kwamba hawajui sana, lakini imemfurahisha, na anabaki. Tamthilia nzima imejengwa juu ya sentensi hiyo.

Kuanzia hapo chai ndiyo ratiba, mazoezi ni dharura. Tsumugi, mpiga kinanda, ni mtoto wa tajiri, na kila siku analeta vyombo vya kauri na keki za bei. Ritsu, mpiga drams na mwenyekiti wa klabu, husahau kupeleka fomu za klabu hata aonywe mara ngapi. Mio anapiga besi kwa mkono wa kushoto, ndiye pekee anayelilia mazoezi, na ndiye anayezimia akisikia habari za damu au mizuka. Mwaka wa pili anaingia Azusa, mdogo wao kwa darasa, aliyeshika gitaa tangu shule ya msingi. Amejiunga kwa sababu aliwasikia jukwaani na kuona wanafanya kazi. Anawakuta wanakula keki. Anafoka, anatishia kuondoka, halafu analishwa kipande cha keki, na uso wake unalainika kabla yeye mwenyewe hajakubali. Mtazamaji mkali anayekuja kuona "bendi" na kukuta kijiwe cha chai atajiona ndani ya Azusa. Usimchukie. Mpaka mwisho wa mwaka utakuwa umelainika naye.

Bocchi imeanzia upande wa pili kabisa. Hitori Gotoh anajua. Anajua sana. Amepiga gitaa kwa miaka 3, saa 6 kwa siku, mara nyingi akiwa amejifungia kabatini nyumbani kwao, na mtandaoni ana watu wanaofuata video zake chini ya jina la "guitarhero". Asichokijua ni kusema na mtu. Alichukua gitaa la baba yake akiamini kwamba likimkubali mikononi, marafiki watakuja wenyewe. Hawakuja. Amechagua sekondari iliyo Tokyo, safari ya saa 2 kutoka kwao Kanagawa, ili asikutane na mtu anayemkumbuka. Siku moja anakwenda shule amebeba gitaa mgongoni, kama chambo, akingoja mtu amuulize. Jioni anakaa bustanini akiwa hajaulizwa na yeyote, ndipo Nijika, msichana mpiga drams, anapomkuta. Bendi ya Nijika ina onyesho usiku huohuo na mpiga gitaa wao ametoroka.

Onyesho hilo la kwanza Hitori analipiga akiwa ndani ya boksi la maembe. Simaanishi kifani. Ni boksi la kadibodi, limesimamishwa jukwaani, naye yumo ndani. Na anapiga vibaya, yeye mwenye saa zake zote za kabatini, kwa sababu hajawahi kupiga na mtu mwingine. Anatangulia, wenzake wanabaki nyuma. Yeyote aliyewahi kujifunza ala peke yake chumbani na kisha akaingia kwenye bendi anaijua aibu hiyo. Chumbani mapigo ni yako, ukichelewa yanakungoja. Mpiga drams hangoji.

Kwa lugha ya wapiga dansi wetu, Yui ni mpiga solo asiyejua kazi, anabebwa na rizimu ya Azusa. Hitori ni mpiga solo hodari asiyejua kusikiliza rizimu. Kama wewe hujashika ala bado, utamwelewa Yui. Kama umekwisha kujifungia na gitaa miezi kadhaa na vidole vimeota sugu, Hitori ni pacha wako.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo tofauti inapojitokeza wazi kuliko pengine popote. Yui anapenda gitaa la Gibson Les Paul lenye bei ya yeni 250,000. Wenzake wanakubali kufanya naye kibarua, wanakaa barabarani wakihesabu magari, na bado haitoshi. Mwishowe inagundulika duka lile ni mali ya familia ya Tsumugi, naye anaongea na muuzaji pembeni mpaka bei inashuka kuwa 50,000. Yui analibatiza gitaa jina la Giita, analivalisha nguo, analala nalo. Ni kichekesho kitamu, lakini tuseme ukweli: tatizo la pesa katika K-On! huisha kwa sababu mtu ana baba tajiri.

Katika Bocchi pesa ni injini ya hadithi. Kumbi ndogo za muziki za Tokyo, wanazoziita live house, zina utaratibu wa kuikabidhi kila bendi idadi ya tiketi za kuuza. Usipomaliza, unalipa pengo kutoka mfukoni. Kwa hiyo bendi changa inaweza kupiga vizuri, ikashangiliwa, na ikarudi nyumbani na deni. Ndiyo maana Hitori analazimika kufanya kazi ya kuhudumia vinywaji katika ukumbi wa STARRY, unaoendeshwa na dada yake Nijika. Kwa kuogopa siku ya kwanza ya kazi anaoga maji ya barafu ili augue. Haugui. Baadaye anapewa tiketi 5 auze, yeye asiyeweza kununua kitu dukani bila kutetemeka. Anahesabu: baba, mama, kisha anabaki anamtazama mbwa. Tiketi zinazobaki anauza kwa msaada wa Kikuri, mpiga besi mlevi aliyemkuta amelala njiani, wakipiga pamoja mtaani mbele ya wapita njia. Hitori amefumba macho karibu muda wote, mpaka anafumbua jicho moja na kuona kwamba wanaomsikiliza si maadui zake. Katika tamthilia zote mbili sijaona somo la jukwaa lililofundishwa kwa uangalifu kuliko hili.

Houkago Tea Time hawana shida hiyo. Jukwaa lao kuu ni tamasha la shule, la mara moja kwa mwaka, ukumbi umejaa wanafunzi wenzao ambao wangeshangilia hata wangeimba orodha ya vyakula. Na kweli Yui ana wimbo unaosifu wali kuwa ni kitoweo. Silisemi hili kwa kebehi.

Upande wa muziki wenyewe, chagua kwa sikio. Nyimbo za K-On! ni pop-roki ya sukari, kinanda kiko mbele, na maneno mengi yametungwa na Mio, ambaye anaonekana mgumu lakini anaandika kama kadi ya sikukuu. "Fuwa Fuwa Time" utaiimba jikoni bila kujua Kijapani. Japan yenyewe ilizipokea kwa namna ambayo haikutarajiwa kwa bendi ya kuchora: Julai 2009 albamu yao fupi ilishika namba 1 ya wiki kwenye chati ya Oricon, na mwaka uliofuata "Go! Go! Maniac" ikafanya hivyo upande wa nyimbo moja moja. Februari 2011 waigizaji wa sauti wakapanda wenyewe jukwaani Saitama Super Arena. Bendi za kuchora kuuza muziki wa kweli si jambo geni, The Archies wa Marekani walishika namba 1 na "Sugar, Sugar" tangu 1969, ila hao walikuwa sauti za wanamuziki wa studio wasiojulikana nyuso.

Kessoku Band wanapiga roki ya magitaa mawili, kavu, ya haraka, yenye maneno ya mtu anayejisemesha usiku wa manane. Maneno hayo anaandika Hitori, na mpiga besi Ryo anayatilia muziki. Kuna tukio zuri ambapo Hitori anajaribu kuandika mashairi ya kutia moyo kwa sababu anadhani ndiyo yanayotakiwa, na Ryo, ambaye kwa kawaida kazi yake ni kukopa hela asizolipa na kula majani ya njiani akiishiwa, anamwambia aandike kama alivyo. Albamu yao ilitoka tarehe 28 Desemba 2022, siku 3 baada ya sehemu ya mwisho kurushwa. Mimi huisikiliza nikiwa kwenye daladala. Ile ya Houkago huisikiliza nikiosha vyombo. Hilo pengine linakwambia zaidi kuliko aya mbili nilizoandika.

Kuhusu vichekesho: K-On! inakuchekesha polepole, kwa mambo madogo. Yui anasomea mtihani wa hesabu kwa bidii, anafaulu, halafu anagundua amesahau namna zote za kubana nyuzi za gitaa (chords), kana kwamba kichwa chake kina nafasi ya kitu kimoja tu. Lakini huyohuyo anatuni gitaa kwa sikio bila kifaa. Bocchi inachekesha kwa nguvu. Hofu ya Hitori inachorwa kwa kila namna: anayeyuka, anapasuka, anageuka mavumbi, uso unahama mahali pake, mara picha inakuwa ya vikaragosi au video halisi. Mwelekezi Keiichiro Saito na studio ya CloverWorks hawakuacha hila yoyote. Wengine huona ni kelele. Na mtu mwenye hofu kweli ya watu anaweza kuona anachekwa. Mimi niliona ametazamwa kwa upendo, lakini sitamlaumu atakayezima.

Muda nao usipuuzwe. Bocchi ina sehemu 12 za dakika 24 hivi, chini ya saa 5 zote, unaimaliza wikendi moja. Msimu wa pili umekwisha kutangazwa, kwa hiyo utabaki unangoja. K-On! ina sehemu 14 katika msimu wa kwanza wa 2009 na 27 katika ule wa 2010, ukihesabu za nyongeza, juu yake filamu ya Desemba 2011 ambamo wanasafiri kwenda London. Ni zaidi ya saa 16. Kwa mwenye bando la kupima, hesabu iko wazi.

Ila hapa ndipo jibu langu la haraka lilipokosea. Urefu wa K-On! si uzembe. Mwelekezi Naoko Yamada wa Kyoto Animation, ambaye hii ilikuwa tamthilia yake ya kwanza kuongoza, anakufanya ukae na watoto hawa mvua na jua, mitihani na likizo, mpaka uzoee kuwa wapo. Msimu wa pili wote ni mwaka wao wa mwisho shuleni. Unakunywa chai nao wiki baada ya wiki ukidhani hakuna kinachotokea. Halafu inafika sehemu ya 20, tamasha lao la mwisho. Wanapiga vizuri kuliko walivyowahi kupiga, wanarudi chumba cha klabu, wanakaa sakafuni wameegemea ukuta, wanaanza kupanga: baada ya hii kuna Krismasi, kuna kukaribisha wanafunzi wapya, na tamasha la mwakani... Mmoja anakumbusha kwamba mwakani hawapo. Wanalia. Mimi ni mtu mzima mwenye madeni na nililia nao. Bocchi, kwa uhodari wake wote, haina tukio la namna hiyo, kwa sababu saa 5 hazitoshi kukufanya uwalilie watu hivyo.

Bocchi ina jukwaa. Sehemu ya 8, usiku wa tufani, watazamaji wachache, waliopo wamekuja kwa bendi nyingine. Wimbo wa kwanza unalegea, drams zinayumba, unasikia kabisa kwamba umelegea. Kimya kinaingia. Halafu Hitori, asiyeweza kutazama mtu machoni, anaanza solo peke yake kuwaita wenzake. Na sehemu ya 12, tamasha la shule, uzi wa gitaa unakatika na kifunguo cha kukazia nyuzi kinagoma katikati ya wimbo. Anachukua kikombe cha kioo cha pombe alichoacha Kikuri, anakitelezesha juu ya nyuzi, na solo inapita. Kisha, kwa msisimko, anajirusha kwa watazamaji. Hakuna anayemdaka.

Wazazi na walezi: K-On! unaweza kuitazama na mtoto wa darasa la tano, ukivumilia mwalimu mlezi wa klabu mwenye wazimu wa kuwavalisha wanafunzi mavazi ya ajabu ajabu, jambo ambalo kwangu lilichosha mapema. Bocchi ina Kikuri, ambaye hajapata kuonekana akiwa hajalewa, na ulevi wake umefanywa kichekesho. Kwa mtoto mkubwa si tatizo, ila kaeni pamoja mzungumze. Kwa anayetegemea maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, Bocchi pia ni ngumu zaidi: Hitori anawaza kwa kasi, na maneno yanamiminika.

Basi, mpwa wangu. Una gitaa, una nyuzi tano, unajifungia nalo, na mama yako anasema siku hizi huongei. Anza na Bocchi, jibu langu halijabadilika, ila sasa unajua sababu. Rafiki yako aliyehamia shule mpya na hana gitaa wala mpango wa kulinunua, mwambie aanze na K-On!, kwa kuwa anachokitafuta ni meza ya kukaa. Na ukimaliza Bocchi, ukaingia K-On!, usiihukumu kwa msimu wa kwanza. Vumilia mpaka mwaka wa mwisho. Sehemu ya 24, siku ya mahafali, wale wanne wanampigia Azusa wimbo waliomtungia kwa siri. Filamu ya London iache mpaka baada ya hapo, hata ukishawishiwa vipi: ndani yake ndimo unamoona wimbo ule ukitungwa, na ukiitangulia utakuwa umefungua zawadi ya Azusa kabla hajapewa.